Vinyago vya Kushikwa

Vinyago vilivyo juu ya meza hii vimewekwa ili vishikwe. Vua pete na saa, kisha anza na kile kirefu cha mtindo wa ujamaa: watu wamebebana bega kwa bega, wote wametoka katika gogo moja. Fuata mkono mmoja kwa kidole hadi umpate mwenyewe. Hata anayeona hupotea njiani.

Jirani yake ni shetani, mtindo ulioanzishwa na Mmakonde Samaki Likankoa katika miaka ya 1950. Hapa viungo vimepinda, na palipotarajiwa tumbo pana tundu. Pitisha vidole humo.

Sasa kinyanyue. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukitiwa majini huzama. Weusi wake haukupakwa, ni kiini cha mti wenyewe. Mchongaji huanza kwa shoka na tezo, huingia ndani kwa patasi, na humaliza kwa tupa na msasa. Muda wote huo hukagua kazi kwa kiganja, ndiyo maana tunaona kuifungia nyuma ya kioo ni kumnyima mtazamaji nusu yake.

Meza imeshushwa ili mwenye kiti cha magurudumu aifikie. Katika warsha za mtaa tunafinyanga udongo, kwani mpingo ni mgumu kwa mkono mgeni. Wasioona na wanaoona hukaa pamoja. Ukihitaji mkalimani wa lugha ya alama, waambie mapokezi kabla ya ziara.