Umri wa Mgodi na Umri wa Mfanyakazi: Kustaafu katika Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita

Sheria ya Tanzania humtambua mstaafu kwa umri. Akifikisha miaka 55 anaweza kustaafu kwa hiari. Akifikisha 60 analazimika. Fomu na semina za kuwaandaa wastaafu zimejengwa juu ya namba hizo mbili. Kwa mwalimu wa Old Shinyanga au muuguzi wa hospitali ya wilaya utaratibu huo una mantiki, kwa kuwa shule haitahama na wagonjwa hawataisha. Mfanyakazi wa mgodini yuko katika hali nyingine kabisa. Mwajiri wake naye ana umri, na mara nyingi mwajiri ndiye anayetangulia kufa.

Historia fupi ya ukanda huu inatosha kuthibitisha. Golden Pride ya Nzega, mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu wa zama hizi, ulianza kuzalisha mwishoni mwa 1998 na ukafikia ukomo baada ya takribani miaka 15. Tulawaka ya Biharamulo ilianza 2005, na wawekezaji wake wakaondoka 2013. Buzwagi, pale Kahama, ilifunguliwa 2009 ikasitisha uchimbaji 2021. Bulyanhulu bado ina uhai, lakini mwaka 2017, serikali ilipozuia makinikia kusafirishwa nje, kazi zilipunguzwa sana na watu wengi wakarudishwa nyumbani. Uzalishaji ulirejea baada ya serikali na wamiliki wa mgodi kuunda kampuni ya ubia, Twiga. Hata Mwadui, mgodi wa almasi ulioanza mwaka 1940 na wenye umri mrefu kuliko yote, ulisimama 2020 na ukasimama tena Novemba 2022 bwawa lake la mabaki lilipopasuka.

Tuiweke historia hiyo kando ya sharti moja la hifadhi ya jamii. Ili mwanachama wa NSSF apate pensheni ya kila mwezi, anatakiwa awe amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Mtu aliyeingia Tulawaka siku ya kwanza na kutoka siku ya mwisho hakuivuka nusu ya safari kwa zaidi ya mwaka mmoja. Wa Buzwagi alipungukiwa na miaka kama mitatu. Wa Golden Pride, kama hakuugua, hakugombana na msimamizi na wala hakuachishwa, aliufikia mstari huo kwa taabu. Kwa hiyo naona swali la kumuuliza mchimbaji mwenye miaka 45 si “umebakiza miaka mingapi kufika 60?” Aulizwe: mgodi wako umebakiza miaka mingapi, na wewe umebakiza miezi mingapi kufika 180?

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaokumbuka mgogoro wa fao la kujitoa kama kisa cha watu wasio na subira. Mwaka 2012, marekebisho ya sheria yalipoondoa haki ya mwanachama kuchukua michango yake anapoacha kazi, wafanyakazi wa migodi ya Kanda ya Ziwa walikuwa mstari wa mbele kupinga. Walisema kazi yao ni ya mikataba mifupi, inachosha mwili, na wengi wao hawana uhakika wa kufika umri wa pensheni wakiwa na afya. Hiyo ilikuwa hesabu, na ilikuwa sahihi. Kasoro ilikuwa kwenye dawa waliyoitaka, kwa sababu anayechukua michango yake kila mgodi unapofungwa huanza upya kila mara, na uzee humkuta akiwa na miezi sifuri. Baadaye likawekwa fao la kukosa ajira, linalomlipa mwanachama mwenye sifa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi 6. Linamsogeza mtu kidogo, lakini uzee haujaguswa.

Hata aliyefikisha miezi 180 anahitaji kuiona namba ya pensheni yake kabla ya siku ya kuaga. Chukua fundi mitambo ambaye wastani wa mishahara yake bora ni shilingi 2,000,000 kwa mwezi, sawa na 24,000,000 kwa mwaka. Kikokotoo cha pensheni hugawa miezi ya michango kwa 580, kisha huzidisha kwa mshahara wa mwaka: 180 kwa 580, mara 24,000,000, ni karibu shilingi 7,448,000. Kuanzia bajeti ya 2024/25 kundi lake, la wanachama wa NSSF, hupata mkupuo wa asilimia 35 ya kiasi hicho mara 12.5, nao ni kama shilingi 32,586,000. Asilimia 65 inayobaki hugawanywa kwa miezi 12 na kumpa karibu shilingi 403,000 kila mwezi. Aliyezoea milioni mbili atapokea laki nne, yaani moja ya tano. Mjadala wa kitaifa wa kikokotoo, tangu kanuni za 2018 zilizositishwa na Rais Magufuli Desemba ya mwaka huo hadi kiwango cha asilimia 33 cha 2022, umehusu zaidi ukubwa wa mkupuo. Mimi naona laki nne hizo ndizo zilizostahili mjadala, kwa kuwa ndizo zitakazonunua unga na dawa kwa miaka 20.

Mkupuo wenyewe huenda wapi? Ukitembea katika mitaa ya Kahama, au Kakola karibu na lango la Bulyanhulu, utaukuta umesimama mbele yako. Ni vyumba vya kupangisha: sita hadi kumi vinavyotazamana uani, vichache vikiwa masta, bati la rangi, bomba moja katikati, na pembeni msingi wa awamu ya pili ambao nyasi zimeshauotea. Mwenye navyo alikuwa mgodini, na wapangaji aliowakusudia ni wafanyakazi wa mgodi na wa kampuni za ukandarasi zinazouhudumia. Alipokuwa kazini mpango ulikuwa mzuri. Mpangaji alilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na hakusumbua.

Mgodi unapofungwa, mshahara unakatika. Mwezi huohuo wapangaji wanafungasha. Mama lishe na mwenye duka la vifaa vya ujenzi wanakosa wateja, na kiwanja ambacho mwenye vyumba alitegemea kukiuza akibanwa kinashuka bei, kwa kuwa majirani zake wote wanauza. Mtu huyu alidhani ana mihimili miwili, ajira na nyumba, kumbe yote miwili ilisimama juu ya mwamba mmoja wa dhahabu. Kwangu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika maandalizi ya kustaafu ya ukanda huu, na semina haziligusi, kwa sababu “jenga nyumba ya kupangisha” ni ushauri unaofaa Dodoma au Mwanza. Aliyeko Kakola anapaswa kuweka akiba yake katika kitu kisichojali kama mgodi unazalisha au haupo: mashamba ya mpunga ya Kahama na Msalala, mifugo yenye malisho ya uhakika, hatifungani za serikali zinazolipa riba kila baada ya miezi sita, au vipande vya mifuko ya UTT AMIS. Jengo si baya. Lijengwe tu pale ambapo wapangaji hawaajiriwi na mwajiri wako.

Akiba hiyo ina wakati wake wa kuwekwa, na Wasukuma hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi zikue, kisha hufunguliwa kiangazi kinapokaza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986 katika mkoa uliokuwa umegeuka jangwa la vumbi, ulifanikiwa kwa kuufufua utaratibu huo, na ngitili zikarudi katika maelfu kwa maelfu ya hekta. Siri yake ni siku ya kufunga. Ngitili hufungwa wakati ng'ombe wanashiba kwingine. Anayesubiri hadi nyasi zikauke ndipo afunge, amefunga vumbi. Mfanyakazi wa mgodini naye afunge ngitili yake akiwa na mshahara kamili na marupurupu, katika miaka ya 40, kabla uongozi haujatangaza mpango wa kufunga mgodi.

Mwili pia una kikokotoo chake. Vumbi la mwamba lenye silika huumiza mapafu polepole, na dalili zinaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi, mara nyingine zikiambatana na kifua kikuu. Anayeondoka bila kupimwa atapata shida baadaye kuthibitisha kwamba ugonjwa ulitoka kazini, na fidia ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, inadai uthibitisho. Kwa hiyo kipimo cha afya cha kuondokea, pamoja na picha ya kifua, kiwekwe katika jalada moja na taarifa ya michango, na nakala abaki nayo mwenyewe.

Kuhusu mahali pa kuishi baada ya kustaafu nitasema machache. Wafanyakazi wengi wa migodini waliishi kwa zamu, wiki kadhaa kambini na siku chache nyumbani, hivyo mke na watoto walijifunza kuendesha nyumba bila baba. Siku anaporudi moja kwa moja, anarudi kwa watu ambao hawajamzoea. Na akitangulia kufa, mkewe anabaki na hatari nyingine: katika vijiji vya Usukuma, ambako bado kuna vikongwe wanaotuhumiwa uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni, mama mjane mwenye shamba lisilo na hati yuko hatarini. Mstaafu anayempenda mkewe amwandikishe katika hati ya kimila ya shamba mapema, yeye mwenyewe akiwa hai.

Na wale wasio na mwajiri? Machimbo ya wachimbaji wadogo ya Rwamgasa, Nyarugusu, Mgusu na Mwakitolyo yamejaa wanaume wenye nywele nyeupe wanaoshuka kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, hadi leo. Wao hulipwa mgao wa mifuko ya mawe. Huipeleka kwenye karasha, huosha kwenye mwalo, na kuna miezi ambayo hawapati kitu. Mchango wa kiasi kile kile kila mwezi hauwafai. Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi Aprili 2016. Bara bado haijafika hapo. Lakini tangu 2019 dhahabu ya wachimbaji wadogo inapaswa kuuzwa katika masoko ya madini, ambako kila gramu hupimwa, huandikwa na kukatwa mrabaha. Mchango wa hiari wa uzee ukikatwa dirishani pale pale, kwa asilimia ya mauzo, na kuingizwa katika akaunti ya mchimbaji NSSF, hakuna haja ya mtu kumfuata porini kila mwezi. Wizara ya Madini na NSSF wanazo kumbukumbu na mamlaka ya kulianza jambo hili kwa majaribio katika soko la Geita.

Kwa vyama vya wafanyakazi ombi langu ni moja: mkataba wa hali bora ujao uwe na kifungu kinachomtaka mwajiri kumwonesha kila mfanyakazi aliyepita miaka 45, kila mwaka na kwa maandishi, miezi aliyochangia na uhai uliobaki wa mgodi. Nawe msomaji uliyeko Bulyanhulu, Geita au Mwadui, usisubiri kifungu hicho. Chukua taarifa ya michango yako wiki hii, hesabu miezi, na kama imepungua 180 jua kwamba NSSF hupokea pia michango ya hiari ya waliojiajiri. Inaweza kuendelezwa baada ya geti kufungwa.