Miaka 30 ya Shirika la Biashara Duniani: Kiti cha Haki Kilicho Wazi

Shirika la Biashara Duniani lilianza kazi Geneva tarehe 1 Januari 1995, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwa miongoni mwa wanachama wa siku ya kwanza. Lilirithi GATT, mkataba uliotiwa saini na nchi 23 mwaka 1947. GATT ilipunguza ushuru kwa kiasi kikubwa, lakini ilikuwa na dosari moja kubwa: nchi iliyoshindwa kesi iliweza kuzuia hukumu isipitishwe.

Dosari hiyo ndiyo iliyorekebishwa katika mkataba wa Marrakesh wa mwaka 1994 ulioanzisha shirika, na kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia hii. Tangu hapo hukumu ilipita isipokuwa wanachama wote waikatae, akiwemo mshindi. Likaundwa Baraza la Rufaa la wajumbe saba. Antigua na Barbuda, visiwa vyenye watu wasiofika laki moja, viliishtaki Marekani mwaka 2003 kuhusu kamari ya mtandaoni, vikashinda. Ila Marekani haikubadili sheria zake kama ilivyotakiwa. Shirika halina askari wala faini. Aliyeshinda huruhusiwa tu kulipiza, na nchi ndogo italipiza kwa lipi?

Pamba ilifichua udhaifu huo zaidi. Mwaka 2003 Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zilidai ruzuku za pamba za nchi tajiri ziondolewe, kwa kuwa ziliangusha bei ya mkulima wao. Brazili ilikwenda kwenye kesi, ikashinda, na mwaka 2014 ikakubaliana na Marekani kwa dola milioni 300. Nchi zile nne hazikuwamo katika mapatano hayo. Mkutano wa Nairobi wa Desemba 2015, wa kwanza wa mawaziri wa shirika kufanyika Afrika, ulikubali kufuta ruzuku za mazao yanayouzwa nje. Ulikuwa ushindi wa kweli, ingawa ruzuku za ndani, zilizo kubwa zaidi, zilibaki. Mazungumzo ya Doha, yaliyoanza 2001 kwa ahadi ya maendeleo, hayakukamilika. Maamuzi hutaka maafikiano ya wote, na kinga hiyo ya mnyonge ni rungu pia mkononi mwa mwenye nguvu.

Rungu hilo liliangukia Baraza la Rufaa. Marekani, ikilalamika kwamba wajumbe wanavuka mamlaka yao, ilizuia uteuzi wa wapya. Malalamiko yale yalistahili kujadiliwa, si kufunga mlango. Desemba 2019 wajumbe walipungua chini ya watatu wanaohitajika kusikiliza rufaa. Tangu hapo anayeshindwa anaweza kukata rufaa isiyo na wa kuisikiliza, na kesi ikalala.

Ngozi Okonjo-Iweala, Mwafrika wa kwanza na mwanamke wa kwanza kuliongoza shirika, alishika wadhifa Machi 2021. Mwaka uliofuata wanachama walikubaliana kuzuia ruzuku zinazochochea uvuvi haramu. Agosti 2024 Komoro iliingia, baada ya kuomba uanachama mwaka 2007. Ilikuta Baraza la Rufaa halina mjumbe hata mmoja.