Breki zinaliaje?

Mteja akifika kwa fundi mjini Nakuru na kusema “breki zinalia”, bado hajasema kitu. Kulia ni kitenzi cha wote: ndege hulia, simu hulia, honi pia.

Kwenye magari ya haibridi, yenye injini na mota ya umeme, kama Toyota Aqua au Prius, utata huzidi. Dereva akikanyaga breki, mota hugeuka jenereta, ikapunguza mwendo huku ikichaji betri. Hapo gari huvuma, mvumo mwembamba unaofifia kadiri kasi inavyoshuka. Huo si ubovu. Pedi nazo, kwa kuwa hazitumiki sana, hukawia kusugua kutu inayoshika diski baada ya mvua ya usiku. Asubuhi breki hukwaruza mara mbili tatu, kisha kimya. Zikisaga kila zinapokanyagwa, huenda pedi zimekwisha, na hapo fundi ana kazi.

Kuna pia kunguruma. Kwenye mteremko mrefu wa kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan hadi Salgaa, betri hujaa. Ikishajaa haipokei tena, na injini huzungushwa kwa kasi ili izuie gari, ikanguruma. Anayelijua gari lake huweka mapema gia ya B, ya kuzuia gari kwa injini, wala hateremki kwa nyutro, mazoea mabaya ya barabara hiyo.