Nani Ameshika Daftari?

Mwezi uliopita vijana wawili niliowahi kuwafundisha waliniletea mchanganuo wa biashara yao ya kukausha matunda. Ulikuwa na kurasa arobaini, michoro ya rangi na makadirio ya mapato ya miaka mitano. Nilipowauliza bei ya embe kwa mkulima waliipata wapi, walitazamana. Sura ya fedha, walikiri, iliandikwa na mshauri waliyepangiwa na kituo atamizi. Sikuwalaumu. Niliwasimulia habari za kahawa ya Kilimanjaro, kwa kuwa swali lao ni la zamani kuliko wanavyodhani.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza huko Moshi, aliwahimiza Wachagga wapande kahawa ya arabika. Walowezi walikereka. Walidai kwamba mashamba ya Waafrika yangeeneza wadudu na magonjwa; nao pia walihofia kukosa vibarua, maana mwenye mibuni yake hana haja ya kupalilia ya jirani. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, kikiongozwa na Joseph Merinyo, mtu aliyewahi kumtumikia Dundas. Chama kilinunua dawa za mibuni, kikakusanya kahawa na kuiuza kwa pamoja, kikawatetea wanachama mbele ya walowezi. Hakikuwa na mchanganuo wa kurasa arobaini, lakini kila mwanachama alijua kwa nini kipo.

Udhaifu wake ulikuwa katika hesabu. Bei ya kahawa ilipoanguka mwishoni mwa miaka ya 1920, chama kiliyumba, na Merinyo akaondolewa uongozini akituhumiwa kwa mambo ya fedha. Tusisahau, hata hivyo, kwamba wakati huo chama kilikuwa kimeanza kuhoji sera ya ardhi, na serikali haikupendezwa. Daftari bovu ni kosa la kweli. Ni kisingizio kizuri pia kwa anayetafuta kisingizio.

Dawa iliyoletwa ilikuwa mshauri. Chini ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932, chama cha zamani kilizaliwa upya mwaka 1933 kwa jina la Kilimanjaro Native Co-operative Union, yaani KNCU, na meneja wake akawa A. L. B. Bennett, aliyekuwa ofisa wa utawala wa kikoloni. Kwa upande wa utaratibu, kazi ilifanyika: vyama vya msingi vilisimama, mauzo yakapangika. Ila mkulima sasa alilazimishwa na kanuni kuuza kahawa yake kupitia KNCU, apende asipende. Bei iliposhuka tena, mwaka 1937, watu waliandamana, baadhi ya majengo ya vyama yakashambuliwa, na waliotajwa kuwa vinara wakahamishwa kwa nguvu kutoka kwao. Mimi siwezi kuwaona waandamanaji hao kama watu waliokataa maendeleo. Walikataa kuona biashara waliyoianzisha ikiendeshwa kwa lugha ambayo wao hawakuitwa kuisoma.

Ukanda wa Ziwa ulipitia njia nyingine. Paul Bomani alikuwa mhasibu msaidizi katika mgodi wa almasi wa Mwadui kabla ya kujiunga, mwaka 1947, na ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Alijua vitabu vya hesabu kabla hajawa kiongozi. Wakulima wa pamba walipolalamika kuhusu mizani ya wanunuzi, jibu la wakulima lilikuwa kuweka watu wao pembeni ya mizani kuhakiki uzito. Ni kazi isiyo na fahari, lakini ndiyo iliyojenga imani. Bomani alikwenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika, na mwaka 1955 vyama vya pamba vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Mzungu mshauri alikuwapo, ndiyo, lakini aliyeuliza maswali alikuwa Bomani.

Uhuru haukumaliza shauri hili. Mwaka 1976 serikali yetu wenyewe ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kukabidhi kazi zao kwa mamlaka za mazao, ikiamini kwamba inajua zaidi. Vilirejeshwa miaka ya 1980, lakini watunza hesabu wengi wa vijijini walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Vijana wangu walirudi baada ya wiki mbili wakiwa na daftari la mkono. Waliandika bei za embe kutoka kwa wakulima kumi na mmoja, za msimu na za nje ya msimu, pamoja na nauli ya lori. Makadirio ya miaka mitano yamebaki ya mwaka mmoja, na mwaka huo unaonyesha hasara. Wameomba wakutane upya na mshauri wao, na safari hii wao ndio wataandika ajenda.