Kihisi au kitambuzi?

Agosti 2022, karani wa sensa alipobisha hodi Tarime, kila mtu alijua kaja kuhesabu watu. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaokiita kifaa cha kunasa joto au mtikisiko "sensa". Taja "mtandao wa sensa zisizo na waya" pale Sirari, watu watawaza makarani na vishikwambi vyao.

Tunayo maneno mawili, kihisi na kitambuzi, ila tunayachanganya. Tofauti yake ipo Grumeti, wilayani Serengeti, ambako kamera za TrailGuard zilizofichwa vichakani zilisaidia kukamatwa majangili 30. Udhaifu wa kamera za namna hiyo ni kwamba kihisi huamshwa na chochote: nyumbu akipita, hata nyasi zikipepea. Toleo la TrailGuard lililotangazwa Januari 2019 lina chipu ya Intel inayochambua picha humohumo ndani ya kamera, na picha yenye mtu ndiyo hutumwa kwa askari wa doria. Hicho sasa ni kitambuzi.

Majeshi nayo yanakitaka, maana redio inayorusha kila kitu humaliza betri na humfichulia adui mahali ilipo. Uchambuzi huo wa ndani ya kifaa wataalamu huuita "uchakataji wa ukingoni". Ukingo wa nini? Mimi nasema uchakataji wa palepale. Anayepiga yowe usiku, wezi wa ng'ombe wakiwa zizini, haendi kwanza Tarime mjini kuuliza kama ni fisi.