Wanyarwanda wa Rutshuru

Wanyarwanda wa Rutshuru, ambao kiini chao ni Banyabwisha, ni jamii ya wasemaji wa Kinyarwanda katika wilaya ya Rutshuru, jimbo la Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wengi ni Wahutu. Watutsi ni wachache. Wilayani humo wao ndio wengi, lakini katika nchi nzima ni jamii ndogo ambayo uraia wake umebishaniwa kwa miongo kadhaa. Mjini Kiwanja, kilomita zipatazo 70 kaskazini mwa Goma, wanaishi na Wanande na majirani wengine, na Kiswahili huwaunganisha wote.

Asili

Mababu wa Banyabwisha walilima miteremko ya volkeno za Virunga kabla ya ukoloni. Mwaka 1910 Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza zilipatana kuhusu mipaka, na Bwisha, eneo lao, ikawa ya Ubelgiji. Wenyeji wakajikuta Kongo bila kuhama. Waliohama ni wengine: vibarua na wakulima walioletwa na Wabelgiji kutoka Rwanda kati ya 1937 na 1955, hasa katika wilaya jirani ya Masisi, kisha wakimbizi Watutsi kuanzia 1959. Siasa iliwaweka wote katika fungu moja, na hapo ndipo dhuluma ilipoanzia.

Uraia

Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wakiishi Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikaufuta, ikadai ukoo uliokuwamo nchini tangu 1885. Hata Banyabwisha, ambao ni wenyeji wa kale, wakaitwa wageni. Sheria ya Novemba 2004 na kifungu cha 10 cha Katiba ya 2006 vinawatambua kuwa Wakongo watu wote wa makabila yaliyokuwamo nchini wakati wa uhuru, mwaka 1960.

Vita

Mwaka 1993 mapigano ya kikabila yalizuka katika wilaya za Walikale na Masisi. Mwaka uliofuata, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi Wahutu walimiminika Kivu, na kambi za Katale na Kahindo zikajengwa Rutshuru. Kundi la CNDP la Laurent Nkunda, lililojitangaza mtetezi wa Watutsi, liliua raia wapatao 150 Kiwanja mnamo Novemba 2008, karibu na kituo cha walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Wengi wa waliouawa walikuwa wanaume na vijana, Wahutu na Wanande. Kundi la waasi la M23 liliushika mji wa Kiwanja mwaka 2012, likafurushwa 2013, likaurudia Oktoba 2022.

Hali ya sasa

Katiba imekwisha kujibu swali la uraia, lakini kila vita hulifufua: msemaji wa Kinyarwanda hushukiwa kuwa adui, naye Mtutsi hushukiwa zaidi. Wanaojitangaza watetezi wa jamii hii wameua hata watu wake, na wanaowashambulia raia kwa sababu ya lugha yao huwapa waasi kisingizio. Haki ya Banyabwisha itasimama pale tu dola itakapowalinda wao na majirani zao kwa kipimo kimoja.