Habari za Mbegu za Maharagwe

Katika soko la Sanya Juu maharagwe huuzwa ya namna nyingi: mekundu, ya manjano, yenye madoadoa, makubwa kwa madogo. Watu wengi hudhani ya kuwa tofauti hizo ni pambo la kikapu tu. Sivyo. Ndizo mali ya kwanza ya mkulima, na historia yatuonyesha sababu.

Asili ya maharagwe haya ni bara la Amerika. Wenyeji wa huko waliyalima maelfu ya miaka katika nchi mbili mbalimbali: pande za Meksiko zikatoka punje ndogo, na katika milima ya Andes punje kubwa. Baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 yakavuka bahari, hata yakafika Kilimanjaro, ambako mama zetu waliyapanda chini ya migomba, na katika tambarare pamoja na mahindi.

Katika nchi ya Denmark mtaalamu Wilhelm Johannsen alipima maharagwe kwa mizani, na mwaka 1903 akatangaza aliyoyaona. Alitwaa mashina 19, akapanda uzao wa kila shina mbali. Uzao wa shina hili ulizidi wa shina lile kwa uzito. Lakini ndani ya uzao wa shina moja, hata akichagua punje nzito au nyepesi, watoto wao walikuwa sawasawa. Maana yake ni hii: pasipo tofauti za urithi, kuchagua ni kazi bure.

Kwa hiyo mtafiti huanza kwa kupima. Huandika kama mmea husimama au hutambaa, siku za kuchanua, rangi ya ua, hesabu ya maganda, na uzito wa punje 100: chini ya gramu 25 huitwa ndogo, zaidi ya 40 huitwa kubwa. Walakini macho peke yake hayatoshi. Mimea miwili yenye punje za rangi moja, mmoja huuawa na kutu ya majani, na wa pili husimama.

Kwetu utafiti wa maharagwe ulianza Tengeru mwaka 1959, kwa ajili ya punje nyeupe za makopo. Baadaye wakulima walipewa Lyamungo 85, Lyamungo 90 na Selian 97, na kila jina limechukua mwaka wake. Lakini mbegu hizo hazikuumbwa kwa utupu. Zilichaguliwa katika mbegu nyingine zilizotunzwa.

Basi, ndugu msomaji, panda mbegu mpya. Lakini ukiitupa ya bibi yako kwa kuwa soko halipendi rangi yake, labda umetupa nguvu itakayotafutwa kesho isionekane. Tenga tuta dogo kwa kila namna ya zamani. Wazee husema akiba haiozi. Lakini punje ikikaa mno chunguni hufa, na akiba ya mbegu hutunzwa kwa kupandwa.